Gari la Moshi Juu ya Meza

Kila umri una michezo yake, na mtu mzima akirudia mchezo wa umri uliokwisha kumpita hana budi kutoa hesabu mbele ya watu. Mimi nina miaka 57. Nimefundisha hesabu katika mkoa wa Shinyanga kwa miaka 30. Nina mvi, nina wajukuu wawili, na juu ya meza yangu pana kichwa cha gari la moshi chenye urefu wa sentimita 29. Nimekiunda kwa mikono yangu katika muda wa miezi 14. Majirani waliposikia, wengine walicheka kwa adabu na wengine bila adabu. Nakusudia kutoa hesabu yangu katika insha hii. Msomaji akiona mwishoni kwamba haikutosha, na acheke. Lakini asitangulize kicheko, maana kicheko kilichotangulia ni vigumu kukirudisha kinywani.

Nilizaliwa Shinyanga, mahali ambapo mlio wa injini husikika kutoka kitandani. Reli ipitayo kwetu ni tawi la Reli ya Kati. Reli ya Kati yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, zama za Wajerumani. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, zama za Waingereza. Upana wake ni mita 1 kati ya chuma na chuma. Njia hiyo nyembamba ilipita Unyamwezi ikaingia Usukuma, ikachukua pamba, ng'ombe, ngozi na watu. Bukene, Isaka, Shinyanga, Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare, Fela: majina haya niliweza kuyataja kwa mpango kabla sijaweza kuandika jina langu mwenyewe.

Aliyenifundisha ni baba. Aliingia kazini mwaka 1960, wakati reli zetu, za Kenya na za Uganda zilikuwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Alianza kwa kufuta injini kwa matambara, akapanda akawa fayamani, yaani mtunza moto. Kituo chake cha kazi kilikuwa Tabora na nyumba yake ilikuwa Shinyanga, kwa hiyo aghalabu tulimwona akipita. Dereva wake alikuwa mtu mwema. Alipokaribia nyumba zetu alipiga king'ora mara mbili fupi, nasi watoto tukakimbia mpaka kwenye tuta kumpungia mkono mtu mweusi kwa moshi ambaye meno yake tu ndiyo yaliyoonekana. Shirika lile lilivunjika mwaka 1977, likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Injini za mvuke zikapungua, za dizeli zikaongezeka. Baba akastaafu akarudi nyumbani.

Miaka michache iliyopita mambo mawili yalimpata kwa kufuatana. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru, na mama akafariki. Nilimchukua nikakaa naye. Kila asubuhi nilimkalisha chini ya mwarobaini, nami nilimsalimu kwa lugha yetu, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia. Na baada ya kuitikia siku yake ilikuwa imekwisha. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na hasira. Alikuwa kama nyumba iliyofungwa na mwenyewe yumo ndani. Treni ikipita aliinua uso, akasikiliza mpaka sauti ikapotea, kisha akaushusha. Nilijaribu habari za siasa, nikajaribu habari za mvua, nikajaribu hata habari za ng'ombe, ambazo Msukuma hazikatai. Aliniitikia kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

Mwaka 2023 nilipokea kisanduku kutoka Uingereza. Mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha pamoja nasi, ambaye sasa ni mzee, alikuwa akipunguza vitu vyake nyumbani. Alikumbuka kwamba nilipenda hadithi za reli, akaniletea kazi aliyoinunua na asiimalize: seti ya vipande vya kuunganisha injini ndogo ya mvuke. Ndani yake mlikuwa na mabamba membamba ya shaba ya manjano yaliyochorwa milango na safu za ribiti. Vipande vya madini laini vilivyosubuliwa, kama vile dohani, mlango wa boila na hatua za kupandia. Magurudumu, waya, mota ndogo kama kidole gumba, na karatasi za maelezo. Ilikuwa mfano wa injini ya vita ya Waingereza. Injini hizo zilijengwa 935 kati ya mwaka 1943 na 1945, kwa haraka na bila mapambo, kwa ajili ya kusafirisha silaha na chakula cha majeshi.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa jambo la mwalimu wa hesabu: nilipima. Karatasi zilisema kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 76. Reli za Uingereza zina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya kwa 76 unapata karibu 19. Lakini reli ndogo waliyoikusudia ina upana wa milimita 16.5 tu. Nilidhani nimekosea, nikarudia, jibu likawa lile lile. Baadaye nikatambua kwamba hilo ni kosa la siku nyingi, ambalo waundaji wengi wa Uingereza wanalijua na kulivumilia, kama watu wa nyumba moja wanavyovumilia mlango usiofunga sawasawa. Injini zao ni pana kuliko njia zao. Ndipo nikageuza hesabu. Reli yetu ni mita 1. Je, nikiita milimita 16.5 mita 1? Hapo kipimo kinakuwa 1 kwa 60, kosa linatoweka, na njia ile inakuwa njia ya Shinyanga. Gurudumu la milimita 19 likizidishwa mara 60 linakaribia mita 1.2, ambacho ndicho kimo cha magurudumu makubwa ya injini alizozihudumia baba. Kosa lao lilikuwa mlango wangu. Nikaapa kwamba injini ya vita ya Uingereza itageuka kuwa injini ya Tabora.

Kuapa ni rahisi. Sikuwa fundi. Utotoni nilitengeneza magari ya waya kama kila mtoto wa kwetu, kwa vifuniko vya chupa na kandambili zilizochakaa, na huo ndio uliokuwa ufundi wangu wote. Nilinunua tupa, koleo, msumeno mwembamba na chuma cha kulehemu. Mabamba ya shaba yalinitii upesi, kwa sababu shaba huvumilia moto. Nilipofika kwenye vipande vya madini laini nilivitendea kama shaba. Nilikiweka chuma cha moto chini ya dohani, nikahesabu moja, mbili, na dohani ikainama mbele ya macho yangu kama mshumaa, ikawa tone. Maelezo yalikuwa yameonya juu ya jambo hilo, katika ukurasa nilioupita haraka.

Nilikaa na tone lile mkononi nikiona aibu ya ajabu, aibu ya mwalimu aliyekamatwa hakusoma. Kisha, bila kujua ninatafuta nini, nilitoka nje nikampa baba ile injini isiyo na dohani. Sikumwambia ni kitu gani.

Aliipokea kwa mikono miwili. Kidole gumba chake kilipita juu ya boila, kikashuka ubavuni, kikaanza kuhesabu magurudumu. "Dogo moja mbele," alisema. "Makubwa manne. Nyuma hakuna." Akarudia upande wa pili. "Mwanangu, hii si yetu. Yetu ilikuwa na madogo mawili nyuma, kila upande, ya kubeba tanuri. Tanuri lake lilikuwa zito." Akaendelea kupapasa. Alifika kwenye behewa la nyuma, ambalo mafundi huliita tenda, akagusa chungu ya punje ngumu niliyoibandika siku ile. "Na huu ni nini, kokoto?"

"Ni makaa ya mawe, baba."

Alicheka. Msomaji anisamehe nikisimama hapa kidogo. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho kwa muda wa miaka miwili.

"Makaa!" alisema. "Nani alikuambia tulichoma makaa? Wazee wetu walichoma kuni. Sisi tulichoma mafuta, mazito kama lami. Ondoa kokoto zako." Nikamweleza habari ya dohani iliyoyeyuka. Akafikiri kidogo, akasema, "Hukupoteza kitu. Dohani ile ya mviringo usingeihitaji. Zetu zilikuja kubadilishwa. Wakaziweka bapa, ndefu kama kiberiti kilichosimamishwa ubavu."

Nilikwenda kutafuta maana ya maneno hayo, nikaikuta. Mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, alibuni dohani nyembamba ambayo chini yake mvuke hutoka kwa matundu kadhaa yaliyopangwa mstari, badala ya tundu moja. Mvuke ukienda hivyo huvuta hewa ya tanuri kwa nguvu zaidi, na injini hupata kazi ile ile kwa mafuta machache. Shirika la Afrika Mashariki liliipenda dohani hiyo likazifunga injini zake nyingi. Kwa hiyo uzembe wangu ulikuwa umeyeyusha kipande kimoja ambacho kwa haki kilipaswa kuondoka. Nilikata bamba la shaba, nikalikunja bapa, nikalitia lehemu. Baba alilipapasa akasema, "Naam."

Tangu siku hiyo nyumba iliyofungwa ilifunguliwa dirisha. Kila jioni nilimpelekea kipande, naye alikilipa kwa maelezo. Alinieleza kwamba fayamani wa mafuta hashiki koleo la makaa, lakini hapumziki. Mkono mmoja uko kwenye valvu ya mafuta, mwingine kwenye valvu ya mvuke unaoyanyunyiza mafuta hayo tanurini. Jicho moja liko kwenye kioo cha maji ya boila, kwa sababu maji yakishuka chini ya paa la tanuri kifo kimekaribia. Jicho la pili liko kwenye moshi. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea. Dohani isiyo na moshi kabisa ni hewa baridi inayoingia kupita kiasi. Moshi wa kijivu hafifu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ndio wa fayamani mwenye sifa. Na mara kwa mara, katika mlima, alichota mchanga akautupa tanurini, nao ukavutwa na upepo kupita ndani ya mabomba ya boila ukiyasugua masizi. Ndipo wingu jeusi likalipuka juu, na sisi watoto kwenye tuta tukashangilia, tukidhani baba anatusalimu. Nilipomkumbusha shangwe ile alinyamaza, kisha akasema, "Siku nyingine nilikuwa nawasalimu. Ule mchanga ungeweza kungoja."

Niliyaandika hayo yote katika daftari la shule. Nawaomba wanafunzi na wanazuoni watakaosoma kurasa hizi wafikirie jambo moja. Tunasema mara nyingi kwamba mzee akifa maktaba imeungua. Ni kweli, lakini si kila maktaba hufunguka kwa maswali. Nilimwuliza baba maswali mengi kabla ya siku ile, na hakuna alilolijibu kwa zaidi ya maneno matatu. Maarifa yake hayakuwa yamekaa ulimini. Yalikaa katika vidole, na vidole havijibu mpaka vishikishwe kitu. Kitu chenyewe kikiwa na kosa ni bora zaidi, kwa maana mjuzi hawezi kulipita kosa kimya.

Kwa maelekezo yake injini ilibadilika. Niliongeza magurudumu manne madogo nyuma, nikapanua tanuri, nikarefusha tenda. Tenda ilikuwa fahari ya injini zile: walizifungia kubwa ili zichukue maji mengi, kwa kuwa katika nchi kavu ya katikati kisima kimoja kiko mbali na kingine. Daraja lake liliitwa la 30. Zilijengwa 26 na kampuni ya North British ya Glasgow katikati ya miaka ya 1950, nazo zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Moja, namba 3020, yenye jina la Nyaturu, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo zimo pia namba 5918 na 5930, injini mbili za daraja la 59, zenye uzito wa tani 252 kila moja, zinazohesabiwa kuwa zenye nguvu kuliko injini zote za mvuke zilizopata kutembea katika reli ya mita 1. Zinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena, na milima hiyo yote miwili iko kwetu Tanzania. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mchezo huu ni wa Wazungu, namjibu kwamba chuma kilikuwa chao, lakini majina ni yetu, na jasho lililokitembeza lilikuwa la baba yangu.

Rangi nayo ilikuwa na hadithi. Nilikuwa nimenunua rangi nyeusi. "Damu ya mzee," alisema baba. Nikadhani anazungumza habari ya afya yake, nikamwuliza kama anaumwa. Alikuwa anataja rangi.

Sasa lazima niseme habari ambayo ningependa kuipita. Nina mdogo wangu wa kiume, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Nchi ile ilijulikana kwa dhahabu tangu miaka ya 1930. Mgodi wa zamani ulifungwa katika miaka ya 1960 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Lakini pembeni mwa migodi mikubwa wako maelfu ya watu wanaochimba kwa sururu na kamba katika mashimo wanayoyaita maduara. Mdogo wangu na wenzake watatu walikuwa na duara upande wa Nyarugusu. Mvua za mwaka 2024 zilipolijaza maji, alikuja Shinyanga kuniomba shilingi 500,000 za kukodi pampu. Alinikuta mezani, nikiwa nimetandaza reli ndogo mpya na mota ya akiba, vitu vilivyonigharimu kiasi kilichokaribia hicho.

"Kaka," alisema, "watu wanatafuta riziki chini ya ardhi, wewe unachezea bati."

Ningeweza kunyamaza. Nilijibu, "Dhahabu yako nimeisikia kwa jina miaka 12, sijaiona kwa macho." Aliondoka bila kuonja chakula kilichokuwa kimekwisha pakuliwa, na mke wangu akabaki mlangoni na sahani mkononi. Anayejua desturi zetu anajua uzito wa sahani ile. Pampu haikupatikana, kuta za duara zikaporomoka ndani ya maji, na kazi ya wanaume wanne ikaangamia. Ashukuriwe Mungu kwamba hapakuwa na mtu ndani. Mdogo wangu akabaki kuwa kibarua wa kutengeneza makarasha ya wengine, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Nami nikabaki na reli zangu, kila nikizitazama naziona na bei yake.

Baba alisikia kila kitu kutoka chini ya mwarobaini, wala hakusema neno. Alingoja.

Injini ilipokamilika lilizuka swali la kuigeuza. Ubao wangu ulikuwa karatasi moja ya plaiwudi, urefu sentimita 240 na upana 120. Injini yenye tenda ina mbele na nyuma. Ikifika Mwanza lazima igeuzwe ndipo irudi Tabora ikiwa imetanguliza uso. Ziko njia mbili za kuigeuza. Ya kwanza ni pembetatu ya reli: injini huingia kwa pembe moja, hurudi nyuma kwa ya pili, hutoka kwa ya tatu, ikawa imegeuka. Pembetatu haihitaji mtambo, lakini hutaka uwanja, na ubao wangu haukuwa na uwanja. Njia ya pili ni daraja la kugeuzia: kipande cha reli juu ya shimo la duara, kimeshikwa katikati kwa mhimili mmoja, nacho huzunguka pamoja na injini iliyosimama juu yake. Baba alikuwa amelitumia daraja kama hilo ujanani, katika stesheni kubwa alikofunzwa kazi.

"Wewe huwezi kulitengeneza," aliniambia waziwazi. "Wewe ni mtu wa kalamu. Kitu kizito kinachozunguka kinataka mtu wa karasha. Mwite mdogo wako."

Nilielewa mara moja ametaka nini, naye alijua nimeelewa. Nilipiga simu, na haikupokewa. Nilipiga tena siku ya tatu, nikasema, "Baba anakuita." Sikusema ninakuita mimi, ningali naona aibu kwamba sikusema.

Alifika akiwa na mfuko wa mkononi. Alimwamkia baba shikamoo akiwa amepiga goti, akaniamkia na mimi, kisha akatoa mfukoni beringi iliyookotwa katika takataka za karasha, imesafishwa kwa mafuta ya taa hadi inang'aa, na mzani mdogo wa kupimia dhahabu. Hatukuzungumza habari ya pampu. Tulizungumza habari ya kipenyo cha shimo. Injini na tenda ni sentimita 29, nikasema daraja liwe la 33. Alikata mninga, akachonga shimo, akaipigilia beringi katikati, akafunga reli. Kazi iliyonishinda kwa wiki mbili aliimaliza kwa siku mbili. Tuliiweka injini juu ya daraja, tukasukuma, nalo likagoma. Ncha ya mbele ilikuwa imelala ikikwaruza ukingo wa shimo. Mdogo wangu alitaka kulisukuma kwa nguvu.

"Hapana," baba alisema. "Kugeuza injini si nguvu. Watu wawili tuliigeuza kwa mabega, injini nzima na maji yake, na kabla ya hapo niliona watu wanane wakashindwa kuitikisa. Tofauti ni mahali iliposimama. Uzito lazima ukae juu ya mhimili. Tenda ikijaa unasimama hapa; tenda ikiwa tupu unasogea pale. Dereva asiyejua hayo anawachosha wenzake bure."

Tulilitoa daraja. Baba aliomba penseli, akailaza mezani, akaweka katikati ya daraja juu yake, na injini juu ya daraja. Kwa ncha za vidole aliisogeza injini kidogo, akaachia, akasikiliza ncha ipi imegusa meza, akaisogeza tena. Mdogo wangu hakuamini macho yasiyoona. Aliulaza mzani chini ya ncha moja na kibao cha kimo kile kile chini ya ncha ya pili, akasoma. Akabadilisha upande, akasoma. Mbele gramu 341, nyuma gramu 339. Mtu aliyezoea kugombana na wanunuzi wa dhahabu kwa sehemu ya kumi ya gramu alizitazama namba zile kwa muda mrefu. Nilitia alama ya rangi nyeupe kwenye reli, mahali gurudumu la kwanza liliposimama.

Daraja liliporudishwa shimoni baba alilisukuma kwa kidole kimoja. Lilizunguka taratibu bila sauti, nusu mduara, likasimama.

Usiku ule tulikula sahani moja, wote watatu. Baada ya kula nilimwambia mdogo wangu kwamba nilikosa, na kwamba nimeweka akiba ya shilingi 500,000, si za pampu tena bali za kuanzia karakana yake mwenyewe. Alisema, "Yamepita, kaka." Hayakuwa yamepita yote, lakini yalikuwa yamegeuzwa uso. Sidhani kwamba fedha ndiyo iliyokuwa nzito kati yetu. Tulikuwa tumesimama mahali pasipo pake juu ya mhimili, kila mmoja akisukuma kwa nguvu zake zote.

Hiyo ndiyo hesabu yangu. Kwa upande wa matumizi pana fedha, miezi 14, vidole viwili vilivyoungua, na neno moja ambalo natamani nisingalilisema. Kwa upande wa mapato pana daftari mbili zilizojaa, baba anayezungumza, na ndugu aliyerudi. Siku hizi reli mpya ya umeme inajengwa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, tangu mwaka 2021. Upana wake ni milimita 1,435, na injini zake hazihitaji fayamani wala dohani. Naifurahia kama kila mtu. Lakini mwendo wa haraka haumzuii mtu kukumbuka alikotoka. Na ambaye hakuweza kukumbuka kwa macho, tulimpatia njia ya kukumbuka kwa vidole.

Jana asubuhi baba alikuja mwenyewe mezani, akipapasa ukuta. Alitafuta alama yangu kwa ukucha, akaisimamisha injini juu yake, akaligeuza daraja.

"Inatazama wapi sasa?" aliuliza.

"Inatazama Tabora, baba."

"Imefunga nini nyuma?"

Nilimwambia kwamba haina behewa hata moja, sijatengeneza.

"Basi bado hujafanya kazi," alisema. "Injini isiyovuta kitu iko matembezini. Anza na behewa la pamba. Nitakuambia milango yake ilivyokuwa."

Leo nimenunua bamba jingine la shaba.